Barabara mbovu, farasi mzima: namna ya kumpanda na kumwongoza

Barabara tunazopita na farasi huku Nairobi, Kenya, mitaa ya Karen, Lang'ata na kuelekea Ngong, si za aina moja. Kuna lami iliyomeguka kingo, kuna moramu iliyofanya mawimbi kwa uzito wa malori ya mawe, na kuna njia za udongo mweusi ambazo mwezi wa Februari zina nyufa za kumeza ukwato na ikifika Aprili hazipitiki hata kwa trekta. Farasi mmoja anaweza kuzikanyaga zote tatu ndani ya nusu saa. Nimefanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, upande huu tangu ujana wangu, na kila kijana anayeletwa kwangu ajifunze humwambia jambo moja kabla ya mengine yote: gawaneni kazi na farasi. Yeye atazame pale anapokanyaga, wewe utazame mbali, hatua 20 au 30 mbele. Ukimnyang'anya kazi yake atajikwaa. Ukiiacha yako, mtajikuta pamoja mahali ambapo hamwezi kugeuka wala kusonga.

Sababu iko kwenye macho yake. Macho ya farasi yamekaa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na chini ya pua, na nyingine nyuma ya mkia. Ili alione shimo lililo karibu na miguu yake ya mbele ni lazima ainamishe kichwa au akigeuze kidogo. Mpandaji anayeshika hatamu fupi, kichwa cha farasi kikiwa juu, amemfumba macho mwenzake kisha anamlaumu akipiga goti. Mwachie shingo. Mkono uwe mwepesi, hatamu ziwe ndefu kiasi cha kumwezesha kunusa njia, lakini zisining'inie hadi zikachelewa kumfikia akishtuka.

Vilevile macho yake huchelewa kuzoea kivuli akitoka juani. Njia zetu zina miti mikubwa, jua na kivuli vinapishana kila hatua chache, na farasi mgeni atasimama kwenye ukingo wa kivuli akidhani ni shimo. Mpe muda avute pumzi na kutazama. Kumpiga kiboko hapo ni kumfundisha kwamba vivuli huuma.

Pita kwa miguu kwanza

Njia ambayo hujaitembea kwa miguu yako usimpeleke farasi. Na mvua kubwa ikinyesha, hesabu kwamba hiyo ni njia mpya, uitembee tena. Ninapotembea siangalii mashimo ya katikati ya barabara, maana hayo kila mtu anayaona. Naangalia kalavati: vifuniko vya chuma viking'olewa na kuuzwa vyuma chakavu, hubaki tundu la mraba ambalo nyasi hulifunika kwa muda mfupi. Naangalia mitaro ya nyaya iliyofukiwa juujuu, kwa sababu udongo wake huonekana sawa na mwingine hadi uzito wa farasi ushuke. Farasi wa kawaida wa kupanda ana kilo 450 hadi 550, na mguu mmoja ukibeba sehemu kubwa ya uzito huo juu ya mtaro uliofukiwa jana, utazama hadi gotini.

Ukingo wenye majani ndio unaodanganya wengi. Mgeni huona majani mabichi pembeni akafurahi kwamba amepata mahali laini. Huku Lang'ata ngiri huchimba na kujificha kwenye mashimo pembeni mwa njia, na ndani ya majani hayo hayo kuna chupa zilizovunjika, vipande vya seng'enge, na misumari kutoka kwa mafundi wanaojenga ukuta. Mimi hupitisha farasi juu ya majani pale tu nilipopapasa kwa fimbo. Vinginevyo tunabaki kwenye moramu, hata kama mawe yanasumbua, kwa kuwa jiwe linaonekana.

Jambo la tatu ninalotafuta ni mahali pa kukimbilia: lango lenye nafasi mbele yake, njia ya kuingilia shamba, kituo kipana. Weka akilini kila moja. Barabara isiyo na mahali pa kukimbilia kwa mita 300 au zaidi, yenye mtaro mkavu pande zote mbili, hiyo si barabara ya farasi siku ya kazi, hata kama lami yake ni nzuri. Barabara kuu ya Southern Bypass usiikanyage kabisa, na Ngong Road ivukwe tu, isifuatwe.

Saa za kutoka pia huchaguliwa. Alfajiri kuna basi za shule na watu wanaokimbilia kazini. Jioni ni hivyo hivyo. Mimi hutoa farasi baada ya saa tatu asubuhi na kutaka wawe wamerudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia haraka mno. Dereva wa lori lenye taa moja hataliona shimo, sembuse farasi wa rangi ya kahawia. Kuna sababu nyingine: vijidudu vidogo vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaojaza mapafu maji, huuma zaidi machweo, usiku na mapambazuko, hasa baada ya mvua. Hata farasi aliyechanjwa nataka awe ndani saa hizo.

Kwato

Farasi wengi wa kupanda jijini ni wastaafu wa mbio kutoka uwanja wa Ngong Road. Ni wanyama wenye moyo, nami nawapenda kuliko wengine wote, lakini wamekulia kwenye nyasi na unyayo wa kwato zao mara nyingi ni mwembamba. Ukimtoa farasi wa namna hii ukampeleka moja kwa moja kwenye moramu yenye kokoto kubwa, wiki ijayo utakuwa unamwita daktari. Farasi wadogo wenye damu ya Kisomali, waliozoea mawe ya kaskazini, huwa na kwato ngumu zaidi, wengine wanaenda bila viatu kabisa. Jua yupi uliye naye.

Mzoeshe pole pole. Wiki za kwanza dakika 10 kwenye njia ya mawe, akiongozwa kwa mkono bila mtu mgongoni, kisha urudi. Ukwato hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo hakuna ujanja wa kumfanya awe tayari kwa siku tano. Unyayo ukiwa mwembamba sana, fundi wa kwato anaweza kuweka pedi kati ya kiatu na ukwato, au unaweza kumvalisha buti za kwato kwa safari hiyo tu. Buti ziwe za saizi yake hasa. Buti kubwa ikivuka katikati ya barabara ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Viatu vya chuma hubadilishwa kila wiki 6 hadi 8. Kwenye moramu mimi siungi mkono wiki 8, maana mawe hulegeza misumari mapema. Kabla ya kutoka, inua kila mguu, chokoa uchafu wote, halafu shika kiatu kwa vidole na ujaribu kukitikisa. Pitisha kiganja juu ya ukuta wa ukwato: ncha ya msumari iliyopindwa ikiwa imenyanyuka na kukukwaruza, kiatu kimeanza kulegea. Kiatu kinacholia kwenye lami kwa sauti tofauti na vingine vitatu pia kinakuambia jambo. Masaisi wa zamani walikuwa wanasikiliza msafara wakiwa wamekaa jikoni wakajua farasi yupi amelegeza kiatu cha mguu upi, na usikivu huo unaweza kuupata ukitaka.

Kwenye lami iliyosuguliwa na matairi, chuma huteleza, hasa mvua ya kwanza inapochanganyika na mafuta na vumbi. Fundi anaweza kupigilia pini ngumu au njumu ndogo kwenye viatu. Ziwe fupi. Njumu ndefu hushika lami kwa ghafla na mguu ukasimama wakati mwili bado unaenda, na kano ndizo zinazolipa.

Vyombo sitavisema kwa urefu. Kofia ngumu yenye kamba ya kidevu, buti zenye kisigino ili mguu usipenye kwenye kikuku (chuma cha kukanyagia), glavu, na koti la kung'aa kama wanalovaa watu wa bodaboda, ambalo linauzwa bei nafuu kila mahali. Mfukoni uwe na kichokoo cha kwato, kisu, simu yenye chaji. Hata kama unaongoza tu kwa mkono, mvalishe lijamu (chuma cha mdomoni) na hatamu barabarani. Kamba ya kichwa peke yake haitamzuia farasi aliyeshtuka mbele ya lori.

Ukiwa mgongoni

Mwendo wa barabara mbovu ni mwendo wa hatua. Farasi anayetembea vizuri huenda karibu kilomita 6 kwa saa, na hiyo inatosha. Telki, yaani mbio ndogo, huruhusiwa kwenye kipande ulichokiona chote, udongo ukiwa mlaini na sawa. Shoti, yaani mbio za kasi, haina nafasi kwenye moramu. Tatizo haliko kwenye kasi peke yake: katika hatua ana miguu miwili au mitatu chini wakati wote, kwa hiyo mguu mmoja ukikosea mingine inambeba. Kwenye telki ana miwili tu, na kuna nukta ambayo hana hata mmoja.

Moramu yenye mawimbi ipite pembeni, pale ambapo magurudumu hayafiki, ila uwe umekwisha kupachunguza. Mkifika kwenye mashimo mengi yaliyokaa pamoja, chagua njia yako mapema, mwelekeze kwa macho na magoti yako, kisha nyamaza. Mpandaji anayebadilisha mawazo kati ya shimo na shimo, akivuta kushoto mara kulia, humfanya farasi akanyage palepale alipokuwa anapakwepa. Ukimwelekeza mapema, miguu yake itatafuta sehemu yenyewe. Nyanyua kidogo uzito wako kutoka kwenye tandiko ili mgongo uwe huru.

Akijikwaa, mkono uende mbele. Najua mwili wa binadamu unataka kuvuta, na ndiyo maana zoezi hili lifanywe uwanjani, mtu akisema "sasa!" na wewe unasukuma mikono kuelekea masikioni mwa farasi. Shingo ndiyo anayoitumia kujiinua. Ukiivuta, umemwangusha.

Mteremko uliochimbwa na maji ushukwe moja kwa moja, si kwa mshazari. Farasi anayeshuka kwa mshazari kwenye changarawe hutelezesha miguu ya nyuma na kulala ubavu. Kaa wima, usilale nyuma, tazama mbele. Kupanda mlima, inama mbele na ushike nywele za shingo badala ya hatamu.

Sasa kuhusu vitu vinavyomtisha pembeni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka 2017, kingo za barabara zimetulia sana kwa farasi, na hilo nalisema kwa shukrani. Lakini magunia ya nailoni yapo, nguo zilizoanikwa kwenye ua zipo, na matawi ambayo madereva huweka barabarani kuonya kwamba kuna shimo au lori limeharibika mbele yapo. Kitu cha kutisha kikiwa upande wa kushoto, geuza kichwa cha farasi kidogo kulia na ubonyeze mguu wako wa kulia nyuma ya mshipi wa tumbo. Hivyo atapita akitazama kando, na makalio yake hayatazunguka kuingia barabarani. Watu wengi hufanya kinyume: humvuta farasi akitazame kitu hicho, naye akitazama mbele kwa kichwa, makalio yanabaki katikati ya njia ya matatu.

Kumwongoza kwa mkono

Hapa ndipo naona makosa mengi, hata kwa masaisi wa miaka mingi, kwa sababu sote tulifundishwa kumshika farasi upande wa kushoto. Zizini ni sawa. Barabarani siyo.

Magari yetu hupita kushoto, na farasi naye huenda kushoto. Mtu anayemwongoza anatakiwa awe kati ya farasi na magari, yaani kulia kwa farasi. Fikiria kinachotokea akishtuka. Unavuta kichwa kuja kwako, na kichwa kikija kwako makalio huenda upande wa pili. Ukiwa kulia, makalio yanaelekea ukingoni. Ukiwa kushoto, umeyasukuma wewe mwenyewe mbele ya gari. Farasi wengi hawajawahi kushikwa upande wa kulia na watakuona kama mtu mgeni, kwa hiyo anza zizini: mtoe, mrudishe, mnyweshe, mgeuze, yote ukiwa kulia, hadi asione tofauti. Kisha ndiyo utoke langoni.

Tembea usawa wa bega lake, si mbele ya pua na si nyuma ya mguu wa mbele. Mkono wa karibu ushike hatamu kama shibiri moja chini ya kidevu, mkono wa pili ubebe urefu uliobaki, ukiwa umekunjwa, usizungushwe kiganjani kamwe. Kamba iliyozungushwa mkononi imekata vidole vya watu ninaowajua. Vikuku vya tandiko vipandishwe na kufungwa ili visimpige mbavuni wala kunasa kwenye seng'enge.

Lini ushuke mgongoni umwongoze? Mimi hushuka kwenye daraja la magogo, kwenye mteremko wenye mawe yanayoviringika, kwenye korongo la maji lililokata njia, na mahali popote ambapo nimejiuliza mara mbili. Kushuka si aibu. Mpandaji mwenye jina kubwa atashuka kabla ya mwanafunzi, kwa kuwa anajua gharama ya kano.

Daraja la magogo uligonge kwa kisigino chako kwanza na kutazama kama misumari imechomoza. Kama mto ni wa kina cha magoti na chini kuna kokoto, pitia majini. Kwato hazitanasa kati ya gogo na gogo. Ukilazimika kupita mahali pembamba ambapo hamwezi kwenda sambamba, tangulia wewe, kamba ikiwa ndefu, mita mbili au tatu, na ukishavuka songa pembeni mara moja. Farasi hupenda kuruka hatua ya mwisho badala ya kuivuka, na atatua pale ulipokuwa umesimama. Kwenye mteremko usikae chini yake.

Kumpanda mmoja huku ukimwongoza mwingine kunawezekana kwenye barabara iliyo sawa: anayeongozwa awe kushoto, kichwa chake usawa wa goti lako, kamba mkono wa kushoto na hatamu zako mkono wa kulia. Kwenye barabara yenye mashimo sikubali. Farasi wawili wakienda sambamba mmoja wao lazima akanyage shimo ambalo mwingine amelikwepa. Ongeza mtu, au fanya safari mbili.

Magari, pikipiki na watoto

Mkiwa kundi, farasi mtulivu awe mbele na mwingine mtulivu awe nyuma, wageni katikati, mstari mmoja, nafasi ya urefu wa farasi mmoja kati yao. Kuvuka barabara mvuke wote kwa pamoja. Ukivusha wawili ukaacha watatu, walioachwa watalazimisha kuwafuata wenzao, gari liwepo lisiwepo.

Barabara mbovu ina tabia moja ambayo wapandaji huisahau: dereva naye anakwepa mashimo. Matatu ya njia ya 111 ikiona shimo kubwa upande wake itakuja upande wako bila kukutazama, kwa sababu macho ya dereva yako chini. Kwa hiyo soma mashimo ya upande wa magari kama unavyosoma ya farasi. Pale ambapo lami imebaki upana wa gari moja, msiingie mpaka pawe wazi kote. Lori kubwa likija, ingia kwenye lile lango uliloliweka akilini, mgeuze farasi alitazame lori, mkono wako mmoja uwe shingoni mwake, na usubiri. Inua mkono na uushushe pole pole kumwomba dereva apunguze mwendo, na akipunguza mshukuru waziwazi, kwa kichwa au kwa mkono. Kesho atapunguza tena.

Watu wa bodaboda nendeni mkazungumze nao kwenye kituo chao, bila farasi, mkiwa na subira. Waelezeni kwamba honi nyuma ya farasi ni hatari kwao wenyewe, kwani teke la farasi linafika usawa wa kifua cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki. Kisha siku nyingine mpeleke farasi mpole zaidi mliye naye, wamguse, waulize maswali. Kituo kilicho karibu na zizi letu sasa huzima injini wakituona tunakuja, na abiria wao nao wamezoea kusubiri.

Watoto watakuja mbio wakipiga kelele kwa furaha. Usiwafokee. Waambie, "Simameni hapo mbele anapowaona, msipite nyuma." Mtoto aliyeelezwa vizuri mara moja huwaeleza wengine kumi. Wakati wa kiangazi wachungaji wa Kimaasai huleta ng'ombe mpaka kwenye kingo za barabara za jiji, na farasi asiyewazoea hupagawa kwa harufu na kengele. Simama, mwite mchungaji, muulize anaelekea wapi, naye atawapitisha ng'ombe wake kwa ustadi kuliko utakavyoweza kumpitisha farasi wako.

Maji na tope

Dimbwi ambalo hukuona chini yake wakati wa kiangazi usimwingize farasi. Akikataa kukanyaga maji ya kahawia barabarani usishindane naye; yeye haoni kina, na wewe pia huoni. Kaa kando utazame pikipiki zinavyopita: gurudumu likizama hadi kwenye ekseli, zunguka au urudi.

Tope la udongo mweusi ni jambo baya kuliko mashimo yote. Linavuta viatu, na farasi anapochomoa mguu kwa nguvu hujikanyaga kisigino au kuvuta kano. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, sisi huziacha njia hizo kabisa. Ikiwa umenasa, shuka upande ulio imara, mwachie shingo yote, mfungue tandiko ukiweza, na umwache apumzike kabla ya kumwomba ajaribu tena. Weka magunia au matawi mbele ya miguu ya mbele. Akiwa amezama hadi tumboni usimvute kwa kichwa, mkia wala miguu. Mwite daktari wa mifugo na watu wenye mikanda mipana inayoweza kupita kifuani nyuma ya miguu ya mbele, na mtu mmoja akae kichwani akimtuliza. Mtu huyo asiwe anapiga kelele.

Msumari

Akianza kuchechemea ghafla, shuka pale pale, inua mguu. Mara nyingi ni jiwe limekwama, unalichokoa mnaenda. Ikiwa ni msumari uliopenya unyayo, na daktari anaweza kufika mlipo, uache ndani. Akipiga picha ya eksirei ataona umefika wapi, na tundu la msumari likishajifunga ni vigumu kulipata. Zungushia ukwato kitambaa kinene, weka kipande cha ubao kila upande wa msumari ili usizidi kuingia akikanyaga. Kama lazima atembee, na kila hatua inausukuma ndani, utoe ukiwa umenyooka, upige picha kwa simu mahali ulipokuwa na mwelekeo wake, utie kalamu au rangi kwenye tundu, uhifadhi msumari wenyewe kwa ajili ya daktari. Bila kujali ukubwa wa jeraha, muulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda. Farasi hupata pepopunda kwa urahisi kuliko wanyama wengi wa kufugwa, na barabara zetu zimejaa chuma chenye kutu.

Mkirudi

Kilomita ya mwisho ni ya hatua tu, mshipi umelegezwa tundu moja. Osha tope lote miguuni na ukaushe, kwa sababu tope likikaa kwenye mikunjo ya nyuma ya kifundo huleta vidonda. Chokoa kwato tena. Weka kiganja kwenye kila ukwato na kulinganisha joto. Kisha tafuta mapigo ya damu kwa vidole viwili pande za kifundo cha chini. Kwa farasi mzima mapigo hayo huwa hafifu hata ukakosa kuyapata. Yakiwa yanadunda kwa nguvu mguu mmoja, na ukwato wake una moto, jiwe limeumiza unyayo na huenda jipu linaanza.

Hapo mpumzishe, umwite daktari au fundi wa kwato. Wakati unasubiri, chovya ukwato kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya Epsom kwa dakika 20, ukaushe, kisha ufunge kwa nepi ya mtoto juu ya ukwato wote na kuizungushia gundi ya tepu pana. Nepi ya saizi kubwa inatosha farasi wengi, huzuia uchafu na hubadilishwa kila siku. Usimpe dawa ya maumivu kabla daktari hajamwona akitembea.

Asubuhi ya pili mtoe atembee kwenye sakafu ngumu kabla hajala, ukimtazama kutoka mbele na nyuma. Michubuko mingi ya barabarani haijionyeshi siku ile ile. Halafu nenda kwenye ubao ulio mlangoni mwa ghala la nyasi, ambao kila zizi linalotumia barabara linapaswa kuwa nao, uandike kwa chaki ulichokiona: kalavati iliyopoteza kifuniko, mtaro mpya, mbwa waliofunguliwa, mahali lori la mawe linapogeuzia, na tarehe. Anayetoka baada yako asome kabla ya kufunga tandiko.